Dubu Aliyeonja Nyirinyiri ya Madam Bishara

Kila mwaka Bishara Dagane alilifikia somo la nchi za baridi kali mwezi wa Februari, wakati ambao mjini Garissa hata mbuzi huacha kurandaranda na kujibanza kwenye vivuli vya magari. Wasichana wake wa sekondari wangekuwa wamelowa jasho chini ya hijabu, madirisha yote wazi, na yeye angesimama mbele ya ubao na chaki yake akiwaeleza watu ambao barafu waliijua kwenye glasi ya soda tu, kwamba kuna mahali ambapo bahari huganda hadi lori likapita juu yake. Halafu angechora dubu.

Hakujaliwa mkono wa kuchora. Dubu wake alitoka kila mwaka kama kondoo aliyenyolewa na mtu mwenye haraka, masikio yamelegea, miguu minne yote upande mmoja. Darasa liliinamia madaftari kuficha vicheko. Mwaka mmoja msichana kutoka Modogashe aliyeitwa Idil, mwepesi wa ulimi kuliko wote, aliinua mkono akauliza kama huyo anafaa kuchinjwa siku ya Idd.

"Keti, Idil," Bishara alimwambia. "Huyo ndiye angekuchinja wewe."

Kisha akacheka mwenyewe mpaka ikabidi aketi. Ndivyo alivyokuwa. Wanafunzi wake walimtania na yeye akawatania, na somo likaingia hivyo hivyo katikati ya utani, kama dawa ndani ya asali.

Idil akasoma, akawa muuguzi, akaenda kuishi Kanada. Baada ya miaka kadhaa katika jiji la Winnipeg alikubali kazi kwenye zahanati ya mji mdogo uitwao Churchill, huko juu kwenye Ghuba ya Hudson, mahali ambapo barabara kutoka kusini haifiki, ni treni na ndege tu. Kila inapokaribia Novemba, dubu weupe hukusanyika kando ya mji huo kungoja bahari igande waingie kuwinda sili, wale wanyama wanono wa baharini. Idil alikuwa huko siku Bishara alipotimiza miaka sitini na kustaafu.

Wanafunzi wa zamani walifungua kikundi cha WhatsApp kumtafutia mwalimu wao zawadi. Mmoja alitaka tangi la maji. Mwingine, aliyeolewa Elwak, alipendekeza ngamia wa maziwa, wakabishana siku mbili juu ya nani atamchunga. Ndipo Idil alipotuma ujumbe wa sauti: "Madam ametuchorea dubu maisha yake yote. Tumwonyeshe mmoja kabla hajafa." Fowsiya, aliyekuwa msimamizi wa kikundi, akajibu kwamba maneno "kabla hajafa" yaondolewe, mengine yote yamepita, na michango ya tiketi ianze.

Aliyepinga ni Mulki, dada yake Bishara. Wote wawili walikuwa wajane na waliishi nyumba moja, na Mulki alikuwa na maoni juu ya kila kitu kilichoingia au kutoka mlangoni.

"Watu wakistaafu hupelekwa Umra," alisema. "Wewe unapelekwa kwa mnyama."

"Umra nimekwenda mara mbili, abaayo. Huyo mnyama sijamwona hata mara moja."

"Na yeye amekuomba umwone?"

Bishara akabeba mkoba wake. Akaenda sokoni kutafuta koti.

Kutafuta koti la theluji Garissa si jambo la kufanya kimyakimya. Gelle, muuza mitumba, alipekua marobota yake hadi chini kabisa na kuibuka na koti moja jekundu lililovimba kama godoro, lenye kofia ya manyoya. "Faa, madam, faa uone," alimhimiza kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Hii koti baridi haibiti." Bishara akalivaa pale pale, saa saba mchana. Watu wakaanza kukusanyika. Mzee mmoja aliuliza kama madam anaumwa malaria. Mwanamke aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia alimletea kikombe kwa huruma. Bishara akageuka huku na huku, akainua mikono, akajaribu kuinama, jasho likimtiririka hadi kwenye visigino, na alipolivua alikuwa amepata koti pamoja na wapambe kama arobaini hivi waliomsindikiza mpaka barabarani.

Mulki, kwa kuwa alishindwa kuzuia safari, aliamua kuisimamia. Alipika nyirinyiri, zile nyama ndogondogo zinazokaangwa mpaka zikauke na kuhifadhiwa ndani ya samli yenye iliki na kitunguu saumu, akajaza mkebe mkubwa na kuusukuma katikati ya sanduku. Idil alipopigiwa simu alikataa katakata: nyama haipiti kwenye uwanja wa ndege, watamwaga. Mulki aliutoa mkebe kama mtu anayetoa mtoto shuleni.

"Nitapika huko huko," Bishara alimtuliza.

"Huko huko na moto gani? Hao si wanakaa kwenye barafu?"

Jambo la kwanza lililomshangaza Bishara huko Churchill ni joto. Nje palikuwa kama alivyofundisha, upepo unaochoma puani, ardhi nyeupe mpaka macho yanakoma. Lakini ndani ya nyumba ya Idil mashine ya joto ilinguruma usiku na mchana, na Bishara, aliyevuka nusu ya dunia kutafuta baridi, alilala akijipepea kwa gazeti kama yuko kwao.

Jambo la pili ni masharti. Idil aliyasema jikoni siku ya kwanza, amesimama wima kama mwalimu, na Bishara alitambua kwamba hata ule mkao wa kushika kiuno ulikuwa wake yeye Bishara. Usitembee peke yako jioni. Ukiona dubu barabarani ingia gari lolote, watu hapa hawafungi milango ya magari kwa sababu hiyo. Usiache chakula nje. Kukiwa na shida, piga nambari hii iliyobandikwa kwenye friji, watakuja askari wa wanyama.

"Umeelewa, Madam?"

"Nimeelewa, Idil. Mtihani ni lini?"

Siku mbili walizunguka nyikani ndani ya basi la watalii lenye magurudumu marefu kuliko mtu. Kulikuwa na Wajapani wenye kamera ndefu kama bomba la maji, wazee wawili Wajerumani, na kijana mwongozaji aliyekuwa akizidi kunyong'onyea kila saa iliyopita. Walimwona mbweha. Ndege weupe waliwaona. Siku ya pili, alasiri, kitu chenye rangi ya samli kilionekana mbali sana kando ya maji yaliyoanza kuganda, na basi zima likainamia upande mmoja. Bishara alipewa darubini. Alitazama kwa makini.

"Ni jiwe," alisema.

"Ni dubu, Madam," Idil alisema. "Amelala."

"Basi amelala kama jiwe."

Mwongozaji aliomba radhi, akasema dubu hawana ratiba. Bishara alimfariji njia nzima. Lakini usiku ule, akijipepea kitandani, alikiri moyoni kwamba ameumia kidogo. Kurudi Garissa na kuwaambia watu ameona jiwe lililosemekana ni dubu, Mulki asingemwachia mpaka siku ya kiyama.

Kesho yake Idil alikuwa zamu ya mchana. Kwenye jokofu kulikuwa na nyama ya ng'ombe ya halali aliyoagiza kutoka Winnipeg kwa treni, na Bishara akaona hii ndiyo siku ya kutimiza ahadi ya nyirinyiri. Alikata nyama vipande vidogo vidogo, akakaanga taratibu, akatwanga iliki na saumu, akayeyusha samli. Nyumba ikajaa harufu ambayo huko Garissa ingewaleta majirani wa nyumba tatu na kisingizio cha kuazima chumvi. Jiko likaongeza joto juu ya joto la mashine. Bishara akafungua dirisha. Kisha, bila kuwaza lolote, kama alivyofanya maisha yake yote, akaitoa sufuria nje na kuiweka kwenye ngazi ya nyuma ili ipoe.

Alirudi ndani, akaswali Alasiri. Alipokuwa akikunja mswala alisikia sufuria ikikwaruza kwenye mbao.

Alidhani ni mbwa. Alikwenda dirishani na mwiko mkononi, tayari kwa vita, na hapo nje, umbali wa kunyoosha mkono, kulikuwa na mgongo. Mgongo huo haukuwa mweupe. Ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyochemshwa na kuungua kidogo, na uliendelea, na uliendelea, mpaka mwisho wake kulikuwa na shingo ndefu na kichwa kilichozama ndani ya sufuria ya Idil.

Bishara hakupiga kelele. Baadaye watu wengi walimuuliza kuhusu hilo na hakuwa na maelezo. Alichokumbuka ni kwamba alitazama masikio. Yalikuwa madogo, ya duara, yamesimama, mazuri kabisa, na akawaza: miaka yote hii nimemvika masikio ya kondoo.

Dubu akainua kichwa. Pua yake nyeusi ilikuwa imepakwa samli, na ulimi uliotoka kuilamba ulikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Akamtazama Bishara. Bishara, ambaye kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa amekutana na macho ya kila aina ya mtu aliyekamatwa akila kitu kisicho chake, alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, ile ya darasani.

"Weka hiyo chini."

Alisema kwa Kiswahili. Dubu akaganda, kipande cha nyama kikining'inia mdomoni. Kwa muda mfupi sana ilionekana kama atatii. Kisha akakimeza, akarudisha kichwa ndani ya sufuria, na Bishara akafunga dirisha polepole kama anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala, akarudi kinyumenyume hadi kwenye friji, akapiga ile nambari. Kisha akampigia Idil.

"Idil, hooyo, mwanangu, dubu yuko hapa."

"Wapi hapa?"

"Anakula nyirinyiri."

"Madam, nani amempa nyirinyiri?"

"Tutaongea ukirudi."

Askari wa wanyama walifika upesi na gari lenye taa. Mkubwa wao alikuwa mtu mnene wa makamo aliyeitwa Bwana Flett, mzaliwa wa hapo hapo, mwenye kuongea taratibu kama anayehesabu maneno. Walilipua fataki za kumtisha dubu. Dubu alikimbia hadi nyuma ya nyumba ya jirani, akangoja fataki ziishe, akarudi kwenye sufuria. Walilipua tena, akakimbia tena, akarudi tena. Alikuwa dume kijana, Bwana Flett alimweleza Bishara kupitia dirisha, na vijana wa namna hiyo wakishaonja kitu cha mjini ni shida. Basi wakaleta mtego wao, bomba kubwa la chuma lililolala juu ya magurudumu, ndani kabisa wameweka nyama ya sili kama chambo. Dubu alilinusa lile bomba. Akaitazama nyama ya sili. Akageuka, akairudia ngazi ya nyuma kulamba mbao.

Bwana Flett akavua kofia, akajikuna kichwa, kisha akagonga dirisha. "Mama," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "ndani umebakiza?"

Bishara alikuwa amebakiza bakuli moja kwa ajili ya Idil. Alilitoa kupitia dirishani kwa mikono miwili. Wakalimwagia mwisho wa bomba, na dubu akaingia mwenyewe, bila kusukumwa, kama mgeni rasmi anayeingia ukumbini. Mlango wa chuma ukaanguka nyuma yake.

Jioni ile Idil alicheka hadi mbavu zikamuuma. Bishara alicheka naye, lakini kicheko chake kilikatika pale Idil alipomwambia dubu amepelekwa wapi. Mji ule una jengo la kuwazuia dubu wakorofi, na watu huliita jela.

"Jela? Kwa sufuria moja?"

"Kama angeachwa, hilo lisingekuwa kosa lake la mwisho, Madam. Angerudi. Wakizoea mji mwisho wake huwa bunduki."

Asubuhi Bishara alivaa koti lake jekundu, akamtaka Idil ampeleke. Bwana Flett alitoka nje ya jengo kuwapokea, maana hakuna mgeni anayeruhusiwa kuingia.

"Anaendeleaje?" Bishara aliuliza, kwa Kiingereza safi cha ubaoni.

"Vizuri. Amelala."

"Amekula?"

"Hapa hawalishwi, mama. Wanapewa maji tu. Wakilishwa watapenda kurudi. Na kipindi hiki wao wenyewe huwa hawali sana, wana mafuta ya kutosha."

Bishara alilitazama lile jengo la mabati. Hata mahabusu wa Garissa hupata ugali. Akajinyoosha. "Bwana Flett, kosa si lake. Chakula nje niliweka mimi, na nilikuwa nimeambiwa. Kama kuna dhamana, nimekuja kumdhamini."

Idil aligeukia upande wa pili, mabega yakimtetemeka. Bwana Flett hakucheka. Alisikiliza kama mtu anayepokea maelezo ya kweli, kisha akampa Bishara onyo, kwa upole lakini kamili, juu ya vyakula na ngazi za nyuma, na Bishara akalipokea ameinamisha kichwa, mikono nyuma. Alikuwa ametoa maonyo mengi maishani na hakuwahi kujua jinsi masikio yanavyopata moto.

"Hali ya hewa ikikaa sawa," Bwana Flett alimalizia, "atasafirishwa kaskazini, mbali na watu. Kwa helikopta."

"Na yeye amechangiwa tiketi na nani?"

Hapo ndipo Bwana Flett alipocheka.

Siku tatu upepo ulivuma na helikopta haikuruka. Bishara alikuwa mzito moyoni, akipika chai na kusahau kuinywa. Jioni ya tatu upepo ulitulia. Giza huko huingia mapema, na walikuwa wametoka tu kuswali Isha Idil aliposimama dirishani na kusema, bila kugeuka, "Madam, vaa koti." Walikwenda na gari hadi zilipoishia nyumba za mji, wakazima taa.

Mwanzoni ilikuwa kama wingu jembamba. Kisha likapata rangi ya kijani, likaanza kutikisika. Bishara akafungua mlango akasimama nje. Ilikuwa kama mwenye duka la nguo aliyepata mteja mgumu: anakung'uta nguo ya dirac ya kijani mbele yake, nyepesi, inapepea kutoka upande hadi upande, anaikunja, anatoa nyingine yenye pindo la waridi, anaitupa juu ya ile ya kwanza, na mteja bado hajasema kitu. Bila sauti yoyote. Mbwa mmoja tu alikuwa akibweka mjini.

Alilijua somo hilo. Chembe zitokazo juani, sumaku ya dunia, hewa ya juu, alilifundisha neno kwa neno, na angeweza kulisema usingizini.

"Eleza jinsi miali ya kaskazini inavyotokea," Idil alisema nyuma yake kwa sauti ya mtihani. "Alama kumi."

Bishara alifungua mdomo. Baridi ikaingia, na hakuna kilichotoka.

"Subhanallah," alisema hatimaye.

"Nakupa alama mbili."

"Nipe tatu. Hijabu imeganda."

Walisimama hapo mpaka vidole vya miguu vikapotea.

Asubuhi Bwana Flett alipiga simu. Dubu alikuwa amechomwa sindano ya usingizi na kulazwa juu ya wavu uwanjani, na watu wachache wa mji wamesimama mbali nyuma ya kamba. Alipomwona Bishara, yule mtu mnene aliinua kamba kidogo na kumpungia mkono apite. Bishara alikaribia kwa hatua fupi, koti likichakarisha. Unyayo wa mbele ulikuwa mpana kama sinia la pilau la watu wanne. Macho yalikuwa nusu wazi, hayaoni kitu. Alivua glavu akaweka kiganja shingoni, na manyoya yalikuwa magumu kuliko alivyotarajia, na chini yake joto, joto jingi, na pumzi inayopanda na kushuka polepole. Aliapa baadaye kwamba alisikia harufu ya iliki.

"Nisamehe," alimwambia kwa Kisomali, kwa sauti ndogo, maana Bwana Flett alikuwa karibu. "Na usiwazoee watu. Si wote wanapika vizuri."

Helikopta ikanguruma, kamba zikakazwa, wavu ukajikusanya. Yule mnyama mkubwa akainuka kutoka chini amejikunja kama mtoto mchanga kwenye kanga, akazunguka mara moja polepole, akapanda, akavuka juu ya mapaa ya mji kuelekea upande ambako bahari ilikuwa imeanza kuwa nyeupe. Bishara alimfuata kwa macho mpaka akawa nukta.

Simu iliita mfukoni. Garissa ilikuwa jioni, na Mulki, aliyekuwa akiletewa habari za mahabusu kila siku, alikuwa amechoka kungoja.

"Ameachiliwa?"

"Ameondoka sasa hivi, abaayo. Amepita juu yangu, ananing'inia kwenye wavu."

"Angani? Mnyama mzima?" Mulki alifikiri. "Na alikuwa macho?"

"Amelala fofofo."

"Alhamdulillahi. Fikiria azinduke huko juu, halafu aulize nani amemleta."

Kicheko kilimjia Bishara kutoka tumboni, kile cha darasani, na hapakuwa na kiti. Akajikuta ameketi kwenye theluji na koti lake jekundu, simu mkononi, machozi yakimganda mashavuni, huku Idil na Bwana Flett wakimshika kila mmoja mkono na kumwinua taratibu.